Diski imekula msumari, meno mawili yametoka: niichomelee au niitupe?

Fundi mmoja wa Kizota, hapa Dodoma mjini, ameniandikia hivi: "Nina karakana ndogo na vijana wawili. Msumeno wangu wa meza ulitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa, unazungushwa na mota kwa mkanda. Natumia diski ya inchi 12 yenye meno 60 ya kabaidi. Juzi nilikuwa napasua mbao zilizotoka kwenye fomu za kumwagia zege, diski ikagonga msumari. Meno mawili yanayofuatana yametoka, la tatu limemeguka pembe, na tangu hapo mashine nzima inatetemeka. Mchomeleaji anasema atairudishia meno. Jirani yangu anasema niitumie tu mpaka iishe makali. Diski mpya bei yake haishikiki. Nifanyeje?"

Fundi mwenzangu, pole sana. Jibu langu ni hili: usiichomelee, na usiendelee nayo. Kama bado imefungwa kwenye mashine, chomoa plagi sasa hivi, na kama nyaya zimeungwa moja kwa moja ukutani, zima kwenye meni swichi na uwaambie vijana wote wawili kwamba mashine haiguswi. Ukishafanya hivyo, tuendelee.

Yale meno mawili siyo yanayonitia hofu zaidi. Hayo unayaona. Kinachonitia hofu ni mtetemo. Vipande viwili vya kabaidi, ile metali ngumu ya meno, visivyofika ukubwa wa punje ya mahindi vikitoka, diski inapoteza uwiano kidogo na utausikia kidogo mkononi. Mashine nzima ikitikisika, kuna jambo jingine: sahani ya chuma imepinda, au ina ufa, au shafti yenyewe ilipata pigo. Meno ni sehemu ndogo ya diski. Kinachoyashika ni sahani, na uamuzi wa kuiacha au kuirudisha kazini unatoka kwenye sahani.

Fikiri mwendo wake. Mota nyingi za karakana zetu huzunguka karibu mara 2,880 kwa dakika. Tuseme puli zako mbili, yale magurudumu ya mkanda, zinalingana, basi diski nayo inazunguka hivyohivyo. Mzingo wa diski ya inchi 12 ni karibu sentimita 96, kwa hiyo kila jino linasafiri mita 46 kwa sekunde moja, ambayo ni zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Treni ya SGR inayotuletea wageni kutoka Dar es Salaam imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160. Kipande cha chuma kikichomoka kwenye diski yako kinaondoka na mwendo wa treni hiyo, na kwa kuwa sehemu ya juu ya diski inazunguka kuja upande wako, kinakuja kwako.

Nililiona hilo kwa macho yangu nikiwa bado kijana wa karakana, Chang'ombe. Tulikuwa na diski iliyokosa meno matatu, na tulifanya nayo kazi karibu wiki mbili kwa sababu oda ya milango ilikuwa imetubana. Asubuhi moja tunapasua mninga mkavu, tukasikia mlio mmoja mkali kama wa fimbo kavu ikivunjika. Hatukuona kitu. Mwenzangu ndiye aliyenyanyua macho, akaniambia, "Tazama juu." Bati la paa lilikuwa na tundu jipya, mwanga wa jua unashuka humo kama kamba, vumbi la mbao linaelea ndani yake. Tulipofungua diski tukakuta pembe ya sahani imekatika pamoja na jino lake, na pale ilipokatika nusu ya chuma ilikuwa nyeusi na nusu inang'aa. Ile nusu nyeusi ndiyo ufa wa siku nyingi: ulikuwa umeshaingiza vumbi na utomvu. Nusu inayong'aa ni ile iliyokatika asubuhi hiyo. Maana yake kwa siku zote zile tulikuwa tumesimama mbele ya ufa unaokua, na hakuna aliyeutafuta.

Kwa hiyo tuutafute wako. Anza kwa kuitoa diski. Kuna mtindo wa kukandamiza kipande cha ubao ubavuni mwa diski ili isimame haraka baada ya kuzima. Tafadhali uache, hata kwa diski nzima, kwa sababu unaipinda sahani na kuipasha moto. Iache isimame yenyewe. Vaa glovu za ngozi wakati wa kuitoa (mashine ikiwa inazunguka glovu hazivaliwi, zinanaswa na kuvuta mkono). Nati ya diski kwa kawaida hufunguka kwa kuizungusha kuelekea kule diski inakozungukia, lakini mashine za kutengenezwa mtaani nimezikuta kinyume, basi angalia uzi wake kabla ya kuning'inia kwenye spana. Zuia shafti kwa spana ya pili kama ina mahali pa kushika. Usitie kigingi cha ubao kwenye meno ya diski iliyoumia.

Ioshe. Diski za kupasulia mbao za paini za Mafinga huganda utomvu mweusi, na chini ya utomvu ule ufa hauonekani hata kwa tochi. Maji ya moto na sabuni ya unga vinatosha: loweka nusu saa, sugua kwa brashi ya nailoni, ikaushe vizuri. Usitumie dawa kali za kuzibulia mabomba, zinakula kiunganishi kinachoshika kabaidi kwenye chuma.

Sasa chukua mafuta ya taa na chaki nyeupe ya shuleni. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa pande zote mbili za diski, hasa kwenye mabonde kati ya jino na jino na kuzunguka tundu la katikati. Acha robo saa au zaidi, mafuta yapate kuingia. Halafu futa kwa kitambaa kikavu mpaka sahani isiteleze, kisha saga chaki na uipake unga wake kama unavyompaka mtoto poda. Keti nayo mahali penye mwanga na usubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo yatarudi juu na kuichafua chaki: utaona mstari mwembamba wa kijivu, mara nyingi unaanzia kwenye kona ya bonde la jino na kushuka kuelekea katikati. Mstari wa urefu wa ukucha tu unatosha kuiua diski.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Diski nyingi zina mikato iliyowekwa na kiwanda, ili chuma kikipata moto kipate nafasi ya kutanuka. Mikato hiyo inafanana, imepangwa kwa umbali sawa, na mwisho wake kuna tundu dogo la duara au kona iliyoviringwa. Ufa haufanani na kitu: umekwenda upande upande, ni mwembamba, mwisho wake umechongoka. Lakini angalia vizuri kwenye mwisho wa hiyo mikato ya kiwanda, kwa sababu nyufa nyingine huzaliwa papo hapo.

Baada ya ufa, kupinda. Laza rula ya chuma juu ya sahani, kutoka ukingo hadi karibu na tundu, uitazame ukiielekeza kwenye mwanga. Zungusha rula kama mshale wa saa. Mwanga ukipita mahali fulani chini ya rula na mahali pengine usipite, sahani imekunjamana. Tazama na rangi yake. Doa la buluu lina maana kwamba chuma kilifika karibu nyuzi joto 300, na hapo kimepoteza ule mvutano uliowekwa kiwandani. Diski ya namna hiyo inaweza kuonekana imenyooka ikiwa baridi, halafu ikipata moto kidogo kwenye mninga inaanza kuyumba kama mlevi.

Na kabla hujailaumu diski peke yake, futa shafti na zile washa mbili kubwa zinazoibana. Punje moja ya vumbi la mbao iliyogandamana kati ya washa na diski inatosha kuifanya iyumbe kwenye ukingo. Kama shafti yako ni nyembamba kuliko tundu la diski na umeweka bushi (pete ya kujazia nafasi) ya bati lililokunjwa, hapo pana tatizo la pili: bushi ichongwe kwa mashine ya kukerezea, ikae bila kucheza. Funga diski nzima unayoiamini, plagi ikiwa bado imechomolewa, bana kipande cha ubao karibu kabisa na meno yake, uizungushe polepole kwa mkono. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kama mahali pamoja karatasi moja inapita kwa shida kati ya ubao na meno, na mahali pengine zinapita nne au tano, na diski ni nzima, basi shafti imepinda au beringi zimekwisha. Ukinunua diski mpya bila kujua hilo, fedha yako inakwenda na maji.

Hukumu yangu mimi ni hii. Jino lililomeguka pembe tu, sahani imenyooka na haina ufa, diski inafaa baada ya kunolewa. Jino moja likitoka lote, diski inatoka kwenye mashine mpaka irudishiwe jino na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo. Yakitoka mawili yanayofuatana, au sahani ikapinda, au ikawa na doa la buluu, au chaki ikaonyesha mstari, imekufa. Yako imetoa mawili yanayofuatana na inatetemeka. Hata chaki isipoonyesha kitu, mimi nisingeirudisha kwenye shafti.

Ya mchomeleaji nayaeleza kwa heshima, maana najua ni fundi wako na huenda ndiye aliyekutengenezea mashine. Kabaidi haishikwi kwenye sahani kwa kuchomelewa kwa umeme. Inaunganishwa kwa brazi, yaani risasi ya kuungia yenye madini ya fedha (silva), kwa moto wa kiasi, halafu inanolewa kwa jiwe la almasi mpaka ilingane na wenzake kwa urefu na upana. Moto wa kuchomelea kwa umeme unapita maelfu ya nyuzi joto: kabaidi inapasuka, na chuma kinachoizunguka kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Jino litakaa siku ya kwanza. Likitoka, litaondoka na kipande cha sahani. Na kama ni ufa anaotaka kuuziba, au kuutoboa tundu mwishoni ili usiendelee, jibu ni hapana kabisa. Watengenezaji wa diski hawaruhusu diski yenye ufa kukarabatiwa kwa njia yoyote.

Ushauri wa jirani unahitaji hesabu kidogo. Diski yako ina meno 60. Ikizunguka mara 2,880 kwa dakika, ni meno 2,880 yanayopita kwenye ubao kila sekunde. Ukisukuma ubao sentimita 10 kwa sekunde, kila jino linakula chini ya sehemu mbili za hamsini za milimita. Mawili yakikosekana, la tatu linakuta kazi yake na ya wenzake wawili, linakula mara tatu, tena kwa kupigwa, mara 48 kila sekunde. Na kwako hilo la tatu ndilo lililokwisha kumeguka. Ndiyo maana diski zilizopoteza jino moja huendelea kuyapoteza kwa kufuatana, upande uleule. Hakuna "mpaka iishe makali" hapo.

Ukishaiua, iue kweli. Karakana zetu hazitupi kitu, na diski iliyoegemezwa ukutani leo, mwezi ujao kijana ataiona, oda imembana, ataifunga. Ipake alama kubwa ya X ya rangi nyekundu pande zote mbili, ifunike kwa gunia, vaa miwani, uipinde kwa nyundo kubwa kwenye jiliwa ndipo iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kuna wanaotengeneza visu kwa diski kuukuu. Sina ugomvi nao, ila wasisage yale meno ya kabaidi bila kizuia vumbi, kwa sababu vumbi lake lina kobalti na linaharibu mapafu.

Na kwa kuwa umeniambia habari ya bei, niseme na hili kabla halijakujia akilini: usichukue diski ya mbao, nzima au mbovu, ukaifunga kwenye grinda. Nimeiona kazi hiyo kwenye maeneo ya ujenzi kuanzia Nkuhungu hadi Mtumba. Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, haina kinga ya diski yenye meno, na jino likinasa kwenye mbao grinda inaruka kuelekea paja au shingo. Hakuna kazi ya mbao inayostahili hilo.

Tuje kwenye chanzo. Tangu Serikali ihamie Dodoma mji umejaa ujenzi, na mbao za fomu zimejaa kila mahali kwa bei nafuu. Naelewa kwa nini unazinunua. Lakini ubao uliokaa kwenye zege una misumari iliyokatika vichwa ambayo jicho haliioni, na saruji iliyoshikamana nao ni mchanga mtupu, unamaliza makali kwa siku moja. Tafuta spika mbovu, itoe sumaku, ifunge kwa uzi wa kushonea wenye urefu wa shubiri mbili, uipitishe taratibu juu ya ubao pande zote nne. Ikifika juu ya msumari utaona uzi unaacha kuning'inia wima. Weka alama kwa penseli, ng'oa kwa mtaimbo mdogo au kata kipande hicho kwa msumeno wa mkono. Saruji isugue kwa brashi ya waya, na ncha zile zilizolowa zege kata tupa. Kazi hii inachukua dakika chache kwa ubao, mpe kijana mmoja aifanye asubuhi yote kabla mashine haijawashwa. Na ikitokea tena diski imegonga chuma, hata kama hukuona jino limetoka, iwe sheria ya karakana: inazimwa, inatolewa, inapakwa chaki.

Mbao mbichi nazo huumiza diski, na kwa hali ya hewa yetu zaidi. Paini ikiletwa mbichi kutoka Mafinga, kiangazi chetu na upepo wake vinaikausha nje haraka huku ndani bado ina maji. Ukiipasua, mkato unafumba nyuma ya diski na kuibana. Hapo ndipo ubao unaporushwa nyuma na sahani inapopata moto na kupinda. Je, mashine yako ina kile kisu bapa kinachosimama nyuma ya diski kuuweka mkato wazi? Nyingi za mtaani hazina. Mwambie mchomeleaji wako akutengenezee, hiyo ndiyo kazi yake haswa: unene wake uzidi kidogo ule wa sahani lakini upungue kidogo kuliko upana wa mkato. Na mfuniko wa juu ya diski usiukose. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka uzibe sehemu hatari za mashine, na una vijana wawili wa watu mikononi mwako.

Ukinunua diski mpya, usinunue ya meno 60 kwa kupasulia. Meno mengi ni ya kukatia ubao kwa upana na kupata ukingo laini. Kwa kupasua kwa urefu chukua ya meno 24 au 30, ina mabonde makubwa ya kutolea vumbi, haichomi mbao, na kwa kawaida bei yake iko chini. Tazama mzunguko wa mwisho uliochapwa kwenye sahani. Mashine za mkanda zina hatari hapa, kwa sababu mtu akibadilisha puli anabadilisha mwendo bila kujua: mota ya 2,880 yenye puli ya inchi 5 ikizungusha shafti yenye puli ya inchi 2 na nusu, diski inakwenda mara 5,760 kwa dakika, na namba hiyo inaweza kupita ile iliyoandikwa kwenye diski.

Siku ya kwanza ya diski mpya, simama kando, si nyuma yake, iwashe bila mbao kwa dakika moja na usikilize. Miwani machoni, kwako na kwa vijana. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla ya kufanya jambo lolote, kwa sababu swichi za kawaida zikiachwa zimewashwa, umeme ukirudi diski inaanza kuzunguka yenyewe huku mkono wa mtu uko juu ya meza. Kuna swichi za kujizima umeme unapokatika. Kwa fedha uliyotaka kumpa mchomeleaji arudishe meno, mimi ningeanza na swichi hiyo.

Pima puli zako zote mbili, soma namba ya mzunguko kwenye kibao cha mota, na upime kipenyo cha shafti kwa venia (kile kipimo cha kubana). Niandikie vipimo hivyo kabla hujaenda dukani, nikupigie hesabu ya mwendo wa diski na tundu linalokufaa.